Kisima cha Akina Balderrama: Mkono Uliojisahau

Juma zima, msomaji, umemwacha binti wa watu amepiga magoti kwenye sakafu ya mbao ya mahakama, na wewe ukaenda zako kula na kulala. Haya, rudi. Magoti yanamuuma.

Yuko palepale. Brígida Balderrama, msichana wa miaka kumi na tisa mwenye ulimi ambao mama yake ameshindwa kuutia hatamu, ametoka kule nyuma walikosimamishwa Wameksiko wote, amepita katikati ya viti vya magringo, wale Wazungu wa Kiingereza, bila kuomba njia, na amejitupa miguuni pa mtu anayewanyang'anya kisima chao. Sherifu ameshika kitako cha bastola. Jaji Haskell amefungua kinywa, amesahau kukifunga. Na Mista Orrin Tuttle amekaa kwenye kiti cha mashahidi, kiapo chake bado cha moto.

Kiapo chenyewe unakikumbuka? Asubuhi ile Tuttle aliweka mkono juu ya Kitabu akaapa kwamba alipofika La Noria, shamba la akina Balderrama, alikuta kisima kimetelekezwa, hakuna mtu, hakuna mbuzi, hakuna moshi. Akaapa kwamba akina Balderrama anawajua kwa sura tu, kama mtu anavyowajua kunguru. Na lugha yao, akasema, hajui hata neno moja, wala hana haja nayo.

Wameksiko waliosikia hayo walitazamana. Huyu! Huyu aliyekuja na nyumbu mwenye kikohozi, viatu vimefungwa kwa kamba! Huyu aliyekula maharage ya Doña Eduviges, mama yake Brígida, mpaka mashavu yakatokeza, akapewa mahali pa kujenga kibanda karibu na kisima, na hakuna aliyemwomba karatasi! Angeombwaje karatasi? Alikuwa kompadre. Alimshika mtoto wa nyumba kwenye maji ya ubatizo, na tangu hapo akawa ndugu wa baba na mama wa mtoto yule, ndugu asiyeulizwa maswali. Kumwomba kompadre karatasi ni kumtukana. Hilo ndilo kosa la akina Balderrama, hawana lingine, na tangu vita vilipokwisha na mpaka ukasogezwa hadi mtoni, mahakama za Texas hazikupenda kitu kama kuwaadhibu watu kwa kosa hilo.

Na mtoto aliyeshikwa siku ile ndiye huyu aliyepiga magoti.

"Padrino," Brígida alisema, kwa sauti ileile aliyotumia tangu ajue kusema, kila alipokutana na baba yake huyo wa ubatizo. "Naomba baraka."

Akauchukua mkono wake, akaubusu.

Sasa tazama mambo. Kichwa cha Tuttle kilijua kiko mahakamani. Kinywa chake kilijua kimeapa. Lakini mkono, masikini, haukuambiwa. Ulipanda wenyewe. Vidole vikachora msalaba kwenye paji la uso la binti, taratibu, kama vilivyozoea miaka yote, na kinywa kikaufuata mkono kama ndama anavyomfuata mama yake.

"Mungu akufanye mtakatifu, binti yangu."

Kwa Kihispania! Tena Kihispania safi cha wale watu wa mtoni, na lafudhi ya Doña Eduviges mwenyewe, maana ndiye aliyemfundisha.

Bibi mmoja kule nyuma akasema kwa sauti, "Loo! Kumbe kunguru nao wana baba wa ubatizo!"

Kicheko kilichopasuka hapo kilitikisa vioo. Watu walikuwa hawajacheka tangu Tuttle azungushie kisima seng'enge, na sasa walicheka mpaka wakashikana mabega. Tuttle aliutazama mkono wake kana kwamba amesalitiwa na mbwa wake mwenyewe.

"Asante, Padrino," Brígida alisema akiinuka, akajipangusa sketi. "Nilidhani umesahau."

Jaji alipiga meza. "Kimya! Nitawafunga wote! Mkalimani, shahidi amesema nini?"

Mkalimani alikuwa Don Crisóforo Arizpe. Alizaliwa kando ya mto uleule, akabatizwa kanisa lilelile, lakini siku hizi anataka aitwe Mista Chris, na kwa ajili ya jina hilo amevaa koti la sufu kwenye joto linalokausha mijusi. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola.

"Amesema... amesema habari za mchana, Mheshimiwa."

"Na ule mkono?"

"Alikuwa anafukuza nzi, Mheshimiwa."

"Nzi gani huyo anayefukuzwa kwa msalaba?" Brígida akadakia. "Don Crisóforo, mama yako mzazi angekuona leo angeomba arudishiwe maziwa yake."

"Mwambie huyo msichana akae kimya," alisema Jaji, "la sivyo atalala ndani."

"Anasema—" alianza mkalimani.

"Nimesikia anavyosema," Brígida alimkata. " Ngumi ya mezani haihitaji mkalimani."

Jaji Haskell alijimiminia maji kutoka kwenye jagi, akanywa glasi nzima bila kupumua. Na maji hayo unajua yametoka wapi? La Noria. Tuttle alileta pipa zima asubuhi, kwa heshima ya mahakama, alisema. Brígida aliyatazama yakishuka kwenye koo la jaji, na moyo ukamuuma kweli. Nyumbani mbuzi walikuwa wanalamba mawe. Tangu seng'enge ile, maji yao yalitoka mtoni kwa punda, na punda mwenyewe alikuwa anaelekea kufa. Bila kisima, La Noria ingebaki vumbi na makaburi ya babu zake, na yeye na mama yake wangevuka mto na vyungu vyao kichwani, kama majirani waliokwisha kuvuka. Ndivyo ilivyo. Hakuna zaidi ya hilo lililokuwa likiamuliwa pale, na hakuna pungufu.

Jaji akapangusa masharubu, akawageukia wazee wa baraza, kumi na wawili wote magringo, wenye seng'enge zao au wanaozitamani.

"Mtayasahau mliyoyaona," akawaambia.

"Tumeona nini kwani?" alisema kiongozi wao, jamaa mnene aliyeweka buti zake juu ya kizuizi cha mbao. "Mimi nilikuwa natazama dirishani."

"Mimi nilikuwa natafuta tumbaku yangu," alisema wa pili.

Wa tatu alikuwa amelala, na huyo ndiye pekee ambaye hakusema uongo siku ile. Watu haohao, ndama asiye na chapa akipita mbali kule kwenye vumbi wanamwona, wanajua ana umri gani, na wanajua jinsi ya kumpata. Lakini gringo akimbariki binti wa Kimeksiko mbele ya pua zao, macho yanaingia mchanga.

Brígida alirudi nyuma mbio kwa mama yake. Doña Eduviges alikuwa amesimama na shali lake jeusi, anajipepea polepole, kama aliyekuja kusikiliza misa.

"Mama, sema! Sema chochote!"

"Usipige kelele."

"Anatuibia mchana kweupe!"

"Ni kompadre wangu. Kompadre hafokewi."

Nakwambia, msomaji, dakika ile Brígida alimchukia mama yake kuliko alivyomchukia Tuttle.

"Kompadre, kompadre! Yeye ameshika kisima, sisi tumeshika adabu! Tutainywa hiyo adabu, Mama?"

"Tulia, mwanangu," alisema Doña Eduviges, bado akijipepea. "Bado hajamaliza kusema uongo."

Kule mbele mambo yalikuwa yanakimbia. "Mnataka kutoka mkashauriane?" Jaji aliwauliza wazee wa baraza.

"Ya nini?" alisema yule mnene. "Njaa inauma. Kisima ni cha—"

"Samahani."

Ilikuwa sauti ya mwanamke, nyembamba, kutoka safu ya mbele. Bi Lavinia Tuttle alikuwa amesimama. Alikuwa amevaa kofia yenye ndege mzima juu yake, ndege aliyekufa akajazwa pamba. Alitoka Ohio kuolewa na mtu aliyeambiwa ni kapera mwenye shamba na kisima.

Ebo! Ungeona wanaume walivyobadilika! Buti zikashuka kwenye kizuizi. Kofia zikavuliwa. Tumbaku zikamezwa. Aliyelala akaamshwa kwa kiwiko. Jaji yuleyule aliyetaka kumfunga Brígida kwa kufungua mdomo akainama nusu ya meza.

"Ndiyo, bibi mpendwa?"

Bi Lavinia hakumjibu. "Orrin, uliniambia huwajui watu hawa."

"Siwajui, mpenzi."

"Umembariki msichana."

"Alikuwa nzi, Lavinia."

"Orrin. Mpishi wangu ana watoto. Kila Jumapili wanambusu mkono mwanamume mmoja mlangoni kwangu, naye anawafanyia vilevile, kwa vidole vilevile. Nilimwuliza ni nani. Akanieleza kuwa ni baba yao wa ubatizo." Akapiga hatua moja mbele. "Alinieleza na lingine. Kwamba baba wa ubatizo hasimami peke yake kanisani. Husimama na mama wa ubatizo, na mara nyingi huyo ni mkewe. Nani alisimama kando yako?"

Sasa hata nzi wa kweli walitulia.

Don Crisóforo alikuwa ameangalia viatu vyake. Wameksiko kule nyuma walimsubiri. Hakutafsiri.

"Tafsiri, Don Crisóforo," Brígida alimwambia. "Au leo nzi wamekuingia kinywani?"

Akatafsiri, kwa sauti ya mtu anayeungama dhambi. Mguno ukapita nyuma kwa watu wazima wote, maana wote walikuwa wanalijua jibu.

Altagracia. Mdogo wake Doña Eduviges. Brígida alikuwa mdogo mno kumkumbuka mama yake huyo wa ubatizo vizuri. Alikumbuka vidole vinavyomsuka nywele, na harufu ya maji ya maua ya machungwa. Tuttle, mumewe, alivuka naye mto kwenda kununua farasi, akarudi peke yake. Homa, alisema. Aliwaangukia mabegani akilia. Walimsalia Altagracia tasbihi siku tisa bila maiti, na Tuttle ndiye aliyeongoza sala. Kila Novemba, Siku ya Wafu, Brígida humwekea mkate na mshumaa.

Tuttle alilamba midomo. Akikana, mkewe hamwamini. Akikubali, kiapo chake kimekwenda na maji. Akafanya wanavyofanya waongo wote wakibanwa, akatoa nusu ya ukweli.

"Nilikuwa kijana, Lavinia. Kulikuwa na mwanamke, ndiyo. Alikufa. Nilimzika kwa mikono yangu miwili."

"Uliniambia hukuwahi kuoa."

"Sikutaka kukuhuzunisha."

Yule aliyekuwa amelala alikuna kichwa. "Kama alioa kwa hawa," alisema, "basi kisima hakikutelekezwa. Alikuwa anaishi ukweni." Mwenzake akamkanyaga mguu.

Lakini neno lilikwisha kutoka, na Brígida alihisi damu ikimpanda usoni kwa furaha. Mgeni wa nyumba! Mkwe! Amekiri mwenyewe, mbele yao wote! Akamshika mama yake mkono, akaubana. "Tumempata, Mama!"

Haraka haraka haina baraka, binti. Tuttle alikuwa ameinua kichwa. Macho yake yalikuwa yameanza kung'aa. Usimdharau mtu aliyeingia mjini na nyumbu mwenye kikohozi akafika mpaka kumiliki mahakama.

"Naam, Mheshimiwa," alisema, sasa kwa upole. "Nilikuwa mkwe. Niliona aibu kusema, mtu ana aibu zake. Marehemu mke wangu alikuwa binti wa La Noria, na alikuwa na fungu lake pale, kisima kikiwa ndani yake. Mke akifa, fungu lake linakwenda kwa nani?"

Jaji alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Kwa mumewe."

"Basi kisima ni changu mara mbili!"

"Hapo sasa!" alisema yule mnene, na buti zikarudi juu ya kizuizi. Magringo wakacheka, wakapigana mabega. Walikuwa wamepata walichokitaka, na safari hii hata dhamiri zao zingeweza kula chakula cha mchana.

Brígida alisimama kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Ni yeye! Ni yeye aliyemtoa Tuttle kwenye uongo mbovu akamtia kwenye uongo mzuri! Alitaka kumnasa kwa baraka, na baraka ileile imempa kisima kwa urithi. Machozi yalimtoka, ya hasira, na hakuyafuta.

"Kwa utaratibu tu," alisema Jaji akimsogezea Tuttle Kitabu. "Unaapa kwamba mwanamke huyo amekufa?"

"Naapa."

"Na ulimzika?"

"Kwa mikono hii. Mungu ananiona."

Doña Eduviges alikunja kipepeo chake. Akamkabidhi Brígida. Akaanza kutembea kwenda mbele, polepole, katikati ya viti.

"Bibi, rudi nyuma," alisema Jaji. "Ushahidi wako nilikwisha kuukataa."

"Sitoi ushahidi," alisema Doña Eduviges, na Don Crisóforo akatafsiri, safari hii bila kuambiwa, neno kwa neno. "Namsalimu kompadre wangu tu. Kwetu ni vibaya kuondoka bila kuaga."

Akasimama mbele ya kiti cha mashahidi.

"Kompadre, hujambo?"

"Komadre," alijibu Tuttle, na akajiuma ulimi, maana ilikuwa Kihispania tena.

"Umesema ulimzika mdogo wangu."

"Unajua hivyo. Tulilia pamoja."

"Tulilia, kweli. Wewe ulilia kutushinda sote. Tena ulimla mbuzi wa matanga mpaka ukoko wa sufuria." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Sasa niambie, kompadre. Sisi ulituambia amekufa kwa homa. Yeye, ulipomwacha kule ng'ambo na kurudi na farasi, ulimwambia nani amekufa?"

Rangi ilikuwa imemtoka Tuttle usoni, ikashuka shingoni, ikaenda zake.

"Ulimwambia ni sisi," alisema Doña Eduviges. "Sote. Mimi, marehemu mume wangu, na mtoto wako wa ubatizo. Homa ileile moja! Ukamwambia nyumba imechomwa ili isiambukize, asirudi. Amekuwa akitusalia sisi, nasi tukimsalia yeye, na wewe katikati umekaa unakunywa maji ya kisima. Asante ya punda, kompadre. Nilidhani ninaujua urefu wa teke lake."

"Uongo!" Tuttle aliruka. "Mheshimiwa, mwanamke huyu ana kichaa!"

"Huenda," alisema Doña Eduviges. "Brígida! Kafungue mlango. Kuna gari la nyumbu limesimama nje juani tangu asubuhi."

Brígida aliganda. "Mama! Ulijua? Na hukuniambia?"

"Mchunga nyumbu alileta habari mwezi uliopita. Ningekuambia, mji mzima ungejua kabla uji haujapoa. Mdomo wako hauna mlango, mwanangu. Huo wa mahakama unao. Ufungue."

"Sherifu!" alifoka Jaji. "Mzuie huyo!"

Lakini watu waliosimama nyuma kwa amri ya jaji huyohuyo walikuwa wamejaa kati ya sherifu na mlango, na ghafla hakuna hata mmoja aliyekielewa Kiingereza. Brígida alipenya. Akavuta komeo. Jua likaingia lote kwa pamoja, na ndani ya jua hilo mwanamke amesimama, nywele zimeingia mvi, vumbi la safari mpaka kwenye kope, mkono mmoja umeshika nguzo.

Na harufu ya maji ya maua ya machungwa.

Mara ya kwanza siku ile Brígida alipiga magoti kwa hila. Mara hii magoti yalikunjika yenyewe.

"Madrina," alimwambia mama yake wa ubatizo. "Madrina, naomba baraka."

Mwanamke alimgusa nywele, akaufuata msuko mpaka mwisho kwa vidole. Kisha akainua macho, akaangalia juu ya vichwa vya watu wote, juu ya kofia yenye ndege, mpaka kwenye kiti cha mashahidi.

"Nitakubariki, mwanangu," alisema Altagracia. "Ngoja kwanza nimsalimu mume wangu."

Bi Lavinia aliketi kwa kishindo. Glasi ikamponyoka Jaji Haskell, na maji ya La Noria yakamwagika mezani, yakatiririka mpaka kwenye buti za yule mnene, naye hakuyasogeza.

Brígida peke yake ndiye aliyekuwa anamtazama Tuttle. Aliuona mkono wake wa kulia, mkono uleule uliombariki bila ruhusa ya mwenyewe, ukiondoka juu ya Kitabu na kuingia polepole ndani ya koti, pale mtu anapoficha bastola. Safari hii ulikuwa na ruhusa. Na mtu aliyekuwa akitembea kumwendea, huku ameinyoosha mikono yake mitupu, alikuwa ni Altagracia.